Kibao cha Kisima cha Mama Kabira

Mama Kabira alikuwa mzima kabisa, amekaa mbele yangu anakunywa chai ya zafarani na kunilaumu kwamba nimekonda.

Na mimi mkononi nimeshika simu yenye picha ya kisima kinachomwita marehemu.

Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Nini hiyo, waladi?" akaniuliza. Waladi ni mwanangu, kwa Kiarabu cha huku.

"Hakuna kitu, Mama. Matangazo tu ya watu."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Ningeumeza ule, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Naitwa Twaha, Mpare wa Makanya, wilaya ya Same. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tano Doha, dereva wa mzee mmoja tumwite Abu Fahad. Msidhani nilikuwa dereva wa kupeleka watoto shule na kuwasubiri mama zao nje ya maduka. Mimi nilikuwa naendesha karavani.

Si ile ya kuvutwa na gari. Hii ina injini yake, nyumba nzima juu ya magurudumu: jiko, choo, vitanda vinne, kabati mpaka dari. Ubavuni ina turubai refu linalofunguka kama kibaraza, watu wakakaa chini yake kwenye mazulia.

Huku baridi ikiingia watu hawajifungii ndani. Wanakimbilia jangwani. Abu Fahad na rafiki zake wanne, kila mmoja ana karavani yake, walikuwa na kambi mbele ya mji wa Umm Salal, kwenye rawda. Rawda ni bonde dogo la jangwa, pahala pa chini ambapo mvua ikinyesha maji husimama na majani huota.

Ila mvua haikuwa imenyesha. Hata Doha mwaka ule ilikuwa kavu, mpaka watu wakasalishwa sala ya kuomba mvua. Mlioiona mnajua, wanaume wanageuza majoho ya ndani yanakuwa nje, kumwomba Mungu naye ageuze hali. Na mimi niligeuza koti langu la sare. Wenzangu waliomba kwa ajili ya jangwa lao. Mimi niliomba kwa ajili ya Makanya.

Kwetu vuli ilikuwa imekataa mara mbili mfululizo. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Ng'ombe wa majirani zetu Wamasai walikuwa wanaanguka barabarani na hakuna hata fisi wa kuwagusa, maana fisi nao walishashiba. Mama yangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri na ndoo, anarudi saa tano na maji ya tope.

Mama Kabira alinisikia siku moja naongea na mama yangu kwenye simu. Mama Kabira ni mama mzazi wa Abu Fahad, na wafanyakazi wote tulimwita hivyo, Mama Mkubwa. Miaka sabini na kitu, magoti mabovu, ulimi mkali, moyo wa pekee. Ile karavani ilinunuliwa kwa sababu yake, kwa kuwa kukaa chini kwenye hema alikuwa hawezi tena.

"Mama yako analia nini?"

Nikamweleza.

 Akasema, "Mimi nilikuwa nabeba maji kichwani nikiwa mdogo kuliko mjukuu wangu huyu. Kabla ya mafuta. Watu wanadhani tulizaliwa na mabomba."

Siku ileile akamwambia mwanawe anataka kuchimba kisima Makanya.

Sasa huku visima wengi huchimbia wazazi wao waliokwisha kufa. Ni sadaka yenye kuendelea, kila anayekunywa, thawabu inamfikia aliye kaburini. Abu Fahad akasema, "Yumma, mama yangu, tukichimbie kwa jina la baba."

"Baba yako kachimbiwa vitatu," bibi akajibu. "Hiki changu. Nikifa mtanichimbia nyinyi, hiki nataka nikione kwa macho yangu."

Ikawa hivyo. Mimi nikapewa usimamizi. Latifa, dada wa kazi za ndani, mtu wa Korogwe, akanipa namba ya shemeji yake, fundi Mbwambo, mtu wa visima na vibao. Wachimbaji wakaenda, maji yakapatikana. Walijaribu kwa pampu ya kukodi, ikabaki ya sola ya kudumu, na Abu Fahad alishaapa: akiona video ya maji yanatoka na kibao kina jina la mama yake, siku hiyohiyo pampu inaagizwa. Asipoona, hakuna kitu. Kuna mtu aliwahi kumtumia video ya kisima cha mtu mwingine.

Basi Jumanne ile Mbwambo akanitumia picha. Nyuma watu wanakinga maji kwa ndoo, mbele kibao kizuri cha saruji, jina halisi la Mama Kabira limechongwa na kupakwa rangi ya bluu:

MAREHEMU BI. LULWA BINT SAAD, DOHA. SADAKA YENYE KUENDELEA.

Nikatoka nje, nikampigia.

"Mbwambo, umefanya nini wewe? Huyu bibi yu hai!"

"Yu hai?" Nikasikia anakohoa. "Aisee. Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuandikia jina. Marehemu umeitoa wapi?"

"Ndugu yangu, mimi vibao vya Arabuni nimeandika kama arobaini. Vyote vya marehemu. Hakuna mzima hata mmoja aliyewahi kuletwa kwangu. Nikajua na wewe umesahau tu kuandika."

Ningefanyaje? Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Futa. Leo."

"Leo niko Hedaru, kuna msiba. Na ile imechongwa, siyo chaki. Ijumaa nitaipasua, nitaziba, nitapaka."

Wewe unayesoma utasema, kosa la fundi, si ungemwambia tu bosi? Hujamjua Abu Fahad. Mtu mkarimu, lakini kwenye habari za mama yake na kifo alikuwa hana mchezo. Mpishi wetu Rael, Mkenya, aliwahi kuota Mama Kabira kavaa nguo nyeupe, akasimulia mezani asubuhi kwa nia njema tu. Wiki haikuisha, Rael alikuwa kwenye ndege.

Nikaona nikimwonyesha kibao kile, mimi nyumbani, pampu hakuna, na mama yangu anarudi kwenye tope. Nikaamua kuficha mpaka Ijumaa. Siku tatu tu.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na safari.

Redio zote zilikuwa zinasema dhoruba ya baridi inakuja kutoka kaskazini. Mtu wa kawaida akisikia dhoruba anatafuta pa kujificha. Wenye karavani wao walifurahi, kwa sababu dhoruba ile ingemwaga theluji kwenye milima ya Tabuk, kule Saudia. Mpango ukawa karavani zote tano zitoke Alhamisi alfajiri, zivuke mpaka wa Abu Samra kabla hali ya hewa haijachafuka, wafike huko wakapige picha na theluji.

Jumatano jioni tuko chini ya turubai, Abu Fahad anagawa kazi. Mama Kabira akanigeukia.

"Twaha, kisima kimetoka?"

"Bado, Mama. Ijumaa, inshallah."

Akanitazama kwa muda. Macho ya wazee yana namna yake.

"Basi na sisi tutaondoka Ijumaa, baada ya sala."

"Yumma!" Abu Fahad akaruka. "Dhoruba inafika Ijumaa. Video utaiona njiani."

"Siendi kuangalia maji yaliyoganda mlimani kabla sijaona wenye kiu wamekunywa. Nimeweka nadhiri. Nyie tangulieni, niacheni mimi na Twaha."

Nani atamwacha mama yake jangwani? Karavani nne nyingine zikaondoka Alhamisi. Nilipoona vumbi lao linapotea nilijisikia mwizi. Tukabaki sisi, na karavani ya jirani mmoja asiyesafiri, iliyolindwa na Kiptoo, Mkalenjin wa Baringo. Kijana mtaratibu, naye kwao ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa baba yake.

Usiku mzima sikulala vizuri. Nilikuwa naisikia simu hata isipolia.

Ijumaa ikafika. Asubuhi anga lilikuwa la manjano, upepo hakuna hata wa kutikisa unyasi. Kwetu tukiona vile tunaingiza kuku ndani.

Saa tano na nusu Abu Fahad na watoto wake wakaenda msikitini Umm Salal. Latifa alikuwa kwenye hema la jiko, kama hatua hamsini, anatengeneza machbus, wali wa nyama. Mimi niliachwa na bibi.

"Twaha," Abu Fahad akasema akiwa ameshika mlango wa gari, "turubai hilo likunje. Hali mbaya hii. Tukirudi tunang'oa nanga."

"Hadhir, Baba. Nalikunja sasa hivi."

Kulikunja ni kazi ya dakika tatu. Unaweka mkono wa chuma kwenye tundu, unazungusha, limeingia. Nilishaifanya mara mia.

Nimeshika ule mkono wa chuma, simu ikalia. Mbwambo.

"Nimefika kisimani, naanza kupasua. Sasa, herufi zikibaki za—" Ikakatika.

Kule chini kwenye rawda mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ukitaka kuongea vizuri lazima upande kilima cha changarawe, mwendo wa dakika mbili. Nikaona nimalizane naye kwanza.

Nikampitia Kiptoo anakaza kamba za hema lake.

"Buda," akaniambia, "hiyo tent ya side ikunje mapema. Hii hewa si ya mchezo, cheki vile mawingu imekuwa."

"Nakuja, kaka. Dakika moja."

Dirishani Mama Kabira alikuwa ananiangalia napita. Akanipungia mkono wenye tasbihi.

Kule juu Mbwambo akapatikana. Tukabishana rangi. Mimi, Twaha, mtu mzima mwenye akili zake, nimesimama juu ya kilima mbele ya ukuta mweusi wa mawingu, nabishana kama nafasi ya neno lililofutwa ipakwe nyeupe au bluu.

"Weka nyeupe. Isionekane kama kulikuwa na kitu."

Kisha nikasikia baridi shingoni. Nikageuka.

Upepo haukuja kidogokidogo. Ulikuja wote. Mchanga, halafu mvua, halafu mawe ya barafu makubwa kama kunazi. Nikaanza kukimbia kushuka, naanguka, nainuka. Kupitia ile mvua nikaona turubai limejaa upepo, limetuna tumbo, linavuta.

Karavani ikainuka magurudumu ya upande mmoja. Ikasimama hivyo kidogo, nikaomba Mungu irudi.

Ikalala.

Tulipofika mimi na Kiptoo maji yalikuwa yameshaanza kukusanyika bondeni, mekundu, yanapanda haraka. Mvua tuliyoiomba kwa kugeuza makoti ilikuwa inatuingia magotini. Kiptoo akapanda juu ya ubavu, akavunja dirisha kwa jiwe la jiko, tukaingia.

Kabati la vyombo lilikuwa limemwangukia Mama Kabira kifuani.

Tulilinyanyua. Nikamweka kichwa chake mapajani, juu ya maji. Alikuwa na fahamu zake. Shela ilikuwa imetoka, na kwa mara ya kwanza niliona nywele zake, nyeupe zenye hina kwenye ncha. Nikamfunika kwa koti langu.

Akaniangalia akasema kwa shida, "Umemaliza, waladi?"

Sikumwelewa. Nilidhani akili imeanza kuhama.

"Nimemaliza, Mama. Kisima kimetoka."

"Alhamdulillah," akasema. Akafumba macho.

Gari la wagonjwa lilifika likipasua maji. Abu Fahad naye alifika, kanzu ya Ijumaa imelowa tope mpaka kiunoni. Alilitazama turubai lililochanika, likipepea juu ya karavani iliyolala. Akanitazama mimi. Mpaka leo hajaniambia neno.

Walipokuwa wanafunga milango ya gari la wagonjwa, simu ikatetemeka mfukoni. Video kutoka kwa Mbwambo. Maji meupe yanaruka kwenye bomba, mama yangu pembeni na ndoo yake anacheka, na kibao kilichopakwa upya nyuma yao.

BI. LULWA BINT SAAD, DOHA. SADAKA YENYE KUENDELEA.

Pa lile neno palikuwa peupe, safi kabisa, huwezi kujua kama kulikuwa na kitu.

Mama Kabira alifariki Jumapili asubuhi.

Polisi walinihoji, wakaandika ajali ya hali ya hewa. Upepo ule uliangusha vitu vingi siku ile, mpaka nguzo za taa. Kila mtu alinipa pole. Mimi nikawa napokea pole za watu kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake akaitia mfukoni.

Siku ya tatu ya matanga sikuweza tena. Wanaume wamejaa majlisi, ukumbi wa wageni, mimi nimekaa jikoni kwenye gunia la mchele. Latifa anaosha vikombe vya kahawa. Nikamwambia yote: kibao, uongo, simu, kilima, turubai.

Hakushtuka. Aliendelea kuosha kikombe kilekile.

"Kaka Twaha," akasema, "Mama aliiona ile picha tangu Jumanne."

"Picha ipi?"

"Ya marehemu. Shemeji si aliiweka kwenye stetasi yake, anatangaza kazi zake? Nikaiona. Nikaona jina la Mama. Nikamwonyesha kabla sijasoma vizuri, nikamtafsiria."

Nikasimama kutoka kwenye gunia.

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Akasema, 'Mwambie fundi wenu hakukosea, kawahi tu.'" Latifa akajifuta macho kwa mkono wenye povu. "Nikamwambia nilikusikia nje ukimgombeza shemeji kwenye simu, nikuite akuambie usihangaike. Akanikataza. Akasema, 'Ukimwita, mwanangu atauliza kuna nini, ataiona picha, atamfukuza kijana wa watu kama alivyomfukuza Rael. Mwacheni afute kimyakimya. Tutamsubiri. Theluji haiendi popote.'"

"Na nadhiri?"

"Nadhiri gani? Wenye kiu alishawaona kwenye picha ileile. Alikuwa anakutafutia siku tatu, kaka."

Jamani.

Kumbe yule bibi hakubaki jangwani kusubiri kisima. Alibaki ili mimi nisifukuzwe. Na pale majini aliponiuliza kama nimemaliza, akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Alikuwa ananiuliza kama nimemaliza kufuta.

Nililia jikoni mle, nalia kwa sauti kama mtoto, mpaka Latifa akafunga mlango.

Simu ikalia. Mbwambo. Habari ilikuwa imemfikia kwa mkewe.

"Poleni sana, kaka. Kazi ya Mungu haina makosa."  Nikasikia upepo wa kwetu kwenye simu yake, na watoto wanagombania foleni, na ndoo zinagongana. "Samahani kuuliza wakati huu. Ila niko hapahapa kisimani na patasi ninayo. Lile neno, nilirudishe?"

Sauti ilimfikia na Latifa. Latifa akaichukua simu mkononi mwangu.

"Lirudishe, shemeji," akasema.

Pampu ya sola ilifika Makanya kabla ya mwezi kuisha. Abu Fahad alitimiza ahadi ya mama yake. Mimi alinipa karatasi ya kuhamia kazi nyingine, kupitia kwa mtu. Sasa mimi ni mlinzi kwenye jengo moja la vioo West Bay, hapahapa Doha, na haya nawaandikia wakati wa chakula cha mchana.

Sijamwambia Abu Fahad ukweli wote mpaka leo. Labda kuna siku ataletewa haya na mtu wa kumtafsiria, kama mama yake. Itakuwa vyema.

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliusikia ule usemi tangu chuoni, nikadhani unawahusu wagonjwa. Ndugu yangu unayesoma, kama kuna kosa umeliweka mfukoni unasubiri lijirekebishe kabla bosi hajaliona, kama kuna mtu unamwambia "bado" wakati tayari, litoe leo. Aibu yake haiui. Na mtu unayemwogopa, huenda kuna mwingine nyuma yake anayekukingia kifua na wewe hujui.

Mama yangu ananiambia maji ni matamu, hayana chumvi kama tulivyohofia. Watu wakijaza ndoo wanasema Mungu amrehemu Bi. Lulwa, hata watoto wamezoea. Ananiuliza nakuja lini kuyaonja.

Likizo yangu ni mwezi wa nane. Mwaka jana niliahirisha. Mwaka huu nitakwenda, nitasimama kwenye foleni na ndoo yangu kama wengine, na nitakisoma kile kibao chote kabla sijanywa.